Bei ya kuanzia na bei ya kulinganisha: kisa cha Toyota 86 na pacha wake wa Subaru

Mwaka 2013, wanunuzi wa Marekani walichukua zaidi ya magari 18,000 ya Scion FR-S, gari la kasi la bei nafuu ambalo Toyota waliliuza kwa chapa yao ya Scion. Mwaka 2020 gari lilelile, likiwa limebadilishwa jina na kuitwa Toyota 86, halikufikisha wanunuzi 2,500 katika nchi hiyohiyo. Katika muda huo bei yake ya kuanzia ilipanda karibu sambamba na mfumuko wa bei, injini yake iliongezwa nguvu kidogo badala ya kupunguzwa, na waandishi wa magari hawakuacha kulisifu. Kwa maneno mengine, bidhaa ambayo haikuharibika wala kupanda bei kwa maana halisi ilipoteza zaidi ya sehemu nane kati ya kumi za mauzo yake, au tuseme kwa usahihi zaidi, ilibaki na gari moja kwa kila magari saba iliyokuwa ikiuza. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinawasumbua wale wanaoamini kwamba gari la kasi la bei nafuu huuzwa na unafuu wake.

Ili kulielewa anguko hilo, ni lazima kwanza kuelewa fedha za gari hili zilitumika wapi. Toyota na Subaru waliliunda kwa ushirikiano, mhandisi mkuu upande wa Toyota akiwa Tetsuya Tada, na likawa likiundwa katika kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani. Lengo halikuwa kushindana kwa namba. Subaru walileta injini ya lita 2.0 yenye silinda nne zilizolala, Toyota wakaongeza mfumo wao wa kunyunyizia mafuta, na kwa kuwa injini ya namna hiyo ni fupi kwa kimo, iliwezekana kuiweka chini sana ndani ya gari na hivyo kukishusha kitovu cha uzito. Gari lilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,250, nguvu za farasi 200, gia sita za mkono au za otomatiki, na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyolisukuma. Turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ili kuiongezea nguvu, haikuwekwa, na haikuwekwa kwa makusudi. Hata matairi yalichaguliwa kwa falsafa hiyo: yalikuwa ya upana wa milimita 215, ya aina inayotafuta utulivu na kuokoa mafuta, ili gari lianze kuteleza kwa mwendo ambao dereva wa kawaida angeweza kuumudu. Viti vya nyuma vilikunjwa kwa namna iliyowezesha kubeba seti nzima ya magurudumu manne ya kwenda nayo uwanjani. Mtu anayelisoma gari kwa undani ataona kwamba kila shilingi ilikwenda kwenye mambo ambayo huhisiwa na mikono na kiuno, na karibu hakuna iliyokwenda kwenye mambo yanayoandikwa kwenye karatasi ya sifa.

Nchini Marekani gari hili liliingia sokoni mwaka 2012 kwa milango miwili. Toyota waliliuza kupitia chapa yao ya vijana, Scion, kwa dola 24,200 kabla ya gharama ya kulifikisha kwa wakala, na waliliuza katika daraja moja tu. Uchaguzi mkubwa wa mnunuzi ulikuwa rangi na aina ya gia, na bei ilikuwa ile iliyoandikwa, bila kuvutana. Subaru waliliita BRZ, wakaanzia dola 25,495, lakini ndani ya tofauti hiyo ya takriban dola 1,300 waliweka taa kali za zenoni na ramani ya skrini kama vifaa vya kawaida, kisha wakaongeza daraja la juu zaidi lililogharimu dola 2,000 za ziada. Injini, gia, fremu na kiwanda vilikuwa vilevile. Ni nadra soko kutoa jaribio safi kiasi hiki: gari moja, mikakati miwili ya bei na vifaa.

Matokeo ya mwaka 2013 yalionekana kuwa hukumu. FR-S ilipita 18,000, BRZ ikauza takriban 8,500. Wengi walisema basi jambo limekwisha, kwamba mnunuzi wa gari la kasi la bei nafuu hataki ramani wala taa za kifahari, anataka bei ya chini na gari tupu. Mimi sikubaliani na usomaji huo, na sababu yangu inatoka miaka tisa baadaye. Kizazi cha pili kilipofika Marekani kama gari la mwaka 2022, Toyota GR86 ilianzia dola 27,700 na Subaru BRZ ikaanzia dola 27,995. Tofauti ya bei ilikuwa imebaki dola 295, kiasi ambacho katika mkopo wa miaka mitano hakionekani. Hata hivyo, mwaka huo GR86 iliuza karibu magari 12,000 ilhali BRZ haikufika 4,000. Pengo la bei lilitoweka, pengo la mauzo kwa uwiano likapanuka. Kumbe kilichokuwa kikiwatenganisha mapacha hawa tangu mwanzo kilikuwa zaidi ni idadi ya magari ambayo kila kampuni ilitengewa, wingi wa mawakala, na aina ya wateja wanaopita mlangoni. Yeyote anayetaka kujifunza nguvu ya bei hapaswi kuwalinganisha mapacha hawa wao kwa wao. Anapaswa kuwalinganisha na magari ambayo mnunuzi aliyaona kabla ya kufika kwao na baada ya kuondoka.

Hapo ndipo namba zilipoanza kulitesa gari hili. Mwaka lilipoingia sokoni, Ford Mustang ya silinda sita ilikuwa na nguvu za farasi 305 na ilianzia chini ya dola 23,000. Ford Focus ST ilifuata ikiwa na nguvu 252 kwa takriban dola 24,000, tena ikiwa na milango mitano na nafasi ya familia. Hyundai Genesis Coupe, yenye turbo na magurudumu ya nyuma ya kusukuma kama FR-S, ilitoa nguvu 274 kwa bei karibu ileile. Ni kweli kwamba Mustang ilikuwa nzito kwa mamia ya kilo, na kwamba kwenye barabara yenye kona nyingi gari jepesi lilikuwa na raha yake isiyonunulika mahali pengine. Lakini raha hiyo hugunduliwa baada ya kuendesha, na watu wengi huamua ni gari gani waende kuliendesha baada ya kusoma. Bei ya kuanzia ya FR-S haikuwa mbaya. Bei yake ya kulinganisha, yaani kile ambacho malipo yaleyale ya mwezi yangeweza kununua kwa jirani, ndiyo iliyokuwa mbaya.

Jambo baya zaidi ni kwamba hata yule aliyekubali kuja kulijaribu alikutana na kasoro mahali pabaya kabisa. Injini ya lita 2.0 ilifikia kilele cha nguvu zake za farasi kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na msokoto wake, ile nguvu inayomsukuma dereva kitini, ulifikia kilele baada ya mizunguko 6,000. Kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 hivi, msokoto huo ulishuka kwa namna iliyoonekana wazi kwenye grafu na kuhisika mguuni. Wenye magari haya waliliita shimo, na biashara nzima ya vipuri vya eksozi na ya kubadili programu za injini ilichipuka kwa ajili ya kulifukia. Sasa tufikirie safari ya majaribio ilivyo. Mteja hutoka kwa wakala akiwa na muuzaji pembeni yake, huingia barabara ya mjini, husimama kwenye taa mara tatu au nne, huongeza mwendo kuingia barabara kuu, kisha hurudi. Katika dakika hizo kumi na tano injini hukaa zaidi kati ya mizunguko 2,000 na 4,500. Yaani gari lilikuwa dhaifu zaidi palepale ambapo mnunuzi alikuwa akilipima, na lilikuwa hodari mahali ambapo muuzaji asingependa lifikishwe. Sijui kosa la biashara ya magari lililo dogo kiufundi na kubwa kimauzo kuliko hilo.

Kwa miaka miwili ya mwanzo kasoro hii ilifichwa na watu waliokuwa wamelisubiri. Kulikuwa na kundi la wapenzi, wengi wao wakiwa wamelelewa na kumbukumbu za Toyota Corolla ya miaka ya 1980 iliyobeba namba ya kiwandani AE86, ambao wangelinunua hata kama lisingekuwa na redio. Kundi hilo lilikuwa la kweli, lilikuwa na fedha mkononi, na lilimalizika. Mauzo ya gari la michezo huwa na nguvu za soda: huanza kwa kishindo kwa sababu wenye hamu hununua wote kwa pamoja, na baada ya hapo gari hubaki kutegemea watu wasio na mapenzi maalumu, ambao ndio hasa hupiga hesabu. Mwaka 2014 FR-S ilishuka hadi takriban 14,000, mwaka 2015 ikawa takriban 10,500. Kushuka kwa namna hiyo kulitarajiwa. Kisichosameheka ni kwamba kampuni ilikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa kwa kundi la pili la wanunuzi na haikuwaandalia kitu.

Katika muda huohuo jirani hakulala. Mustang mpya ya mwaka 2015 ilikuja na springi na shokapu za nyuma zinazojitegemea kila upande, jambo lililoondoa dosari iliyokuwa ikiwapa wapenzi wa FR-S hoja yao kuu, pamoja na injini ndogo ya turbo yenye nguvu 310 kwa takriban dola 25,000. Mwaka huo Mustang iliuza zaidi ya magari 120,000 nchini Marekani. Soko la magari ya michezo ya bei nafuu, kwa hiyo, halikuwa limekufa. Wanunuzi walikuwapo, na walikuwa wakilipa bei ileile.

Je, Toyota na Subaru walikuwa na nafasi ya kujibu? Kwa upande wa sarafu, walikuwa nayo. Gari lilipozinduliwa, dola moja ilibadilishwa kwa takriban yeni 80. Kufikia mwaka 2015 dola hiyohiyo ilikuwa ikileta takriban yeni 120. Hata tukikubali kwamba makampuni hujikinga dhidi ya mabadiliko ya sarafu na kwamba sehemu ya gharama hulipwa kwa dola, gari linaloundwa Japani na kuuzwa Marekani lilikuwa limeongezewa nafasi kubwa ya faida. Nafasi hiyo ingeweza kutumika kushusha bei, kuongeza vifaa, au kutibu injini. Badala yake, mwaka 2016 Toyota walitangaza kuifunga chapa ya Scion, na gari likaingia mwaka wa modeli wa 2017 likiwa na jina la Toyota 86, bei ya kuanzia ya dola 26,255, na nguvu za farasi 205 kwa toleo la gia za mkono. Uwiano wa gia za difu ulifupishwa ili gari lichangamke kidogo. Farasi watano walioongezwa, na jina lililobadilishwa, vilimgharimu mnunuzi karibu dola 1,000 zaidi ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2017 mauzo yalikuwa chini ya 7,000, na mwaka uliofuata yakashuka hadi karibu 4,100. Wale waliodhani tatizo lilikuwa chapa ya Scion walipata jibu lao.

Ushahidi ninaouamini zaidi, hata hivyo, hautoki Marekani. Nchini Australia gari hili lilizinduliwa mwaka 2012 kwa dola 29,990 za nchi hiyo, wakati Mazda MX-5, gari dogo la kasi lenye paa linalofunguka, ilikuwa ikiuzwa huko kwa zaidi ya dola 40,000 na magari madogo yenye turbo kutoka Ulaya yakikaribia kiwango hichohicho. Injini ilikuwa ileile, yenye shimo lilelile, na matairi yaleyale membamba. Foleni ya kusubiri ikawa ya miezi mingi. Uingereza, kwa upande wake, lilianzia pauni 24,995, na Ford Focus ST yenye nguvu 250 ilikuwa ikipatikana kwa pauni 21,995. Huko mauzo yalisuasua, na mwaka 2014 Toyota walilazimika kuleta toleo lililopunguzwa vifaa kwa pauni 22,495. Ukiziweka nchi hizi mbili kando kwa kando, dhana kwamba gari lina bei sahihi au bei isiyo sahihi ndani yake lenyewe inaanguka. Australia gari liliwekwa peke yake chini ya kundi la magari ghali, likaonekana zawadi. Uingereza liliwekwa juu ya magari yenye nguvu zaidi, likaonekana kiburi. Mazda walilielewa somo hilo haraka: MX-5 mpya ilipofika Australia mwaka 2015 ilianzia dola 31,990, punguzo ambalo halikuwa na mfano katika historia ya gari hilo huko.

MX-5 yenyewe inatusaidia kwa njia nyingine pia. Ilipoingia Marekani katika kizazi chake cha nne ilikuwa na nguvu za farasi 155 tu, kwa bei ya kuanzia karibu dola 25,000, na bado mauzo yake hayakuporomoka kama ya 86; mwaka 2017 yalipita 11,000. Mtu angeweza kusema basi nguvu za injini si hoja. Lakini MX-5 ina paa linalofunguka, na hakuna Mustang ya bei hiyo, wala Focus, wala Honda Civic, iliyokuwa na paa hilo. Kifaa ambacho washindani hawana humwondoa mnunuzi kwenye hesabu ya farasi kwa dola, kwa sababu hakuna wa kulinganisha naye. Toyota 86 haikuwa na kifaa kama hicho. Usukani mwepesi na kitovu cha uzito kilicho chini ni sifa adimu kweli, lakini hazionekani kwa mtu aliyesimama kando ya barabara.

Kwa upande wa pili wa hoja kuna toleo moja la Japani ambalo wapenzi hulitaja kila mjadala huu unapoanza. Liliitwa RC, likauzwa kwa yeni 1,990,000, bampa zake zikiwa hazijapakwa rangi, magurudumu yakiwa ya chuma cheusi, bila kiyoyozi. Ni gari la kupendeza kulifikiria, na ni msingi mzuri kwa mtu anayejenga gari la mashindano. Kama mkakati wa kuuzia umma, sioni kwamba kunyang'anya vifaa kunasaidia sana, kwani kiyoyozi na rangi ya bampa huokoa fedha kidogo na humkumbusha mwenye gari kila siku ya joto kwamba alibana. Unafuu wa aina hiyo huvuta macho kwenye tangazo, kisha mteja hulipia daraja la juu yake.

Kizazi cha pili kinaonyesha kwamba watengenezaji walikuwa wamesikia. Hawakuweka turbo, hawakubadili umbo la msingi, hawakushusha bei kwa namba. Walipanua injini hadi lita 2.4, nguvu zikawa farasi 228 nchini Marekani, na muhimu kuliko zote, kilele cha msokoto kilishuka hadi mizunguko 3,700. Shimo lilifukiwa palepale lilipokuwa, yaani katikati ya safari ya majaribio. Uzito ulibaki chini ya kilo 1,300. Kwa kipimo rasmi cha Ulaya, muda wa kufikia kilomita 100 kwa saa ulishuka kutoka zaidi ya sekunde 7.5 hadi sekunde 6.3. Matairi nayo yaligeuzwa kuwa ngazi ya bei: daraja la kwanza lilibaki na ya inchi 17 ya aina ya upole, na aliyetaka mshiko wa kweli alilipa dola 2,600 zaidi kwa daraja la juu la GR86 lililokuja na matairi ya inchi 18 ya kasi. Huu ni mgawanyo wa akili, kwa sababu unaacha bei ya kuanzia ikibaki chini huku ukimpa mpenda kasi sababu ya kupanda ngazi ambayo ataihisi kwenye kona ya kwanza.

Tukiiweka bei hiyo ya dola 27,700 kwenye mizani ya muda, dola 24,200 za mwaka 2012 zilikuwa sawa na takriban dola 28,500 za mwaka 2021. Mnunuzi wa kizazi cha pili alipata farasi 28 zaidi na injini iliyotibiwa kwa bei ambayo, kwa thamani halisi, ilikuwa chini kuliko ya mwanzo. Wakati huohuo washindani walikuwa wamepungua wenyewe: Ford walikuwa wameacha kuuza magari yao madogo ya kasi Marekani, na Genesis Coupe ilikuwa imekoma zamani. Kwa hiyo kurudi kwa mauzo hadi karibu 12,000 hakuwezi kuhesabiwa chote kuwa ushindi wa injini. Sehemu yake ni uwanja uliobaki wazi, na sehemu nyingine ni hamu iliyokusanyika upya ya wapenzi, ambao safari hii walilipa hata nyongeza zilizobandikwa na baadhi ya mawakala juu ya bei rasmi. Kipimo cha haki zaidi ni miaka iliyofuata, na hapo gari limejibu vizuri: mwaka 2023 liliuza takriban 11,000, badala ya kuporomoka kama mtangulizi wake.

Uingereza, nchi iliyolipa kisogo gari la kwanza kwa pauni 24,995, iligawiwa idadi ndogo ya GR86 kwa pauni 29,995, na magari yote ya mgao wa kwanza yalishikwa ndani ya dakika 90. Uhaba ulichangia, bila shaka, kwa kuwa ilijulikana kwamba Ulaya ingeliuza kwa miaka miwili tu. Sababu ya ukomo huo haikuwa bei wala mauzo. Kanuni mpya za usalama za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kuyabana magari yote mapya mwezi Julai 2024, zilidai vifaa vya kielektroniki ambavyo gari hili halikuundwa kuvibeba, na kulisanifu upya kwa ajili ya idadi ndogo kama hiyo kungeipandisha bei hadi lisiwe tena gari la kundi lake. Hivyo lilitoka Ulaya likiwa bado na wateja, kwa sababu ya vifaa ambavyo hakuna hata mmoja kati yao aliyeviulizia.